Samaki hai sebuleni: kinachofugwa kwanza ni maji

Katika nyumba nyingi za Kigoma samaki huingia kwa mlango wa jikoni. Dagaa huja kwenye ndoo, mgebuka huja amefungwa kwa kamba au amekaushwa kwa moshi, na jioni hiyo hiyo habari yake imekwisha. Mtoto aliyezaliwa Ujiji, Kibirizi au Simbo anaweza kufika darasa la saba akiwa amekula samaki maelfu bila kumtazama hata mmoja akiwa hai kwa dakika tano mfululizo.

Kisha siku moja mtoto huyo anaona kwenye simu ya kaka yake samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa kikubwa na macho ya kutumbua. Samaki huyo anachimba shimo mchangani kwa mdomo, anapanga vijiwe kuzunguka mlango wake, kisha anasimama pale kichwa kikiwa nje kama mzee kwenye kibaraza. Dume lake huatamia mayai kinywani mpaka yaanguliwe. Hapo ndipo ombi linapoanza: "Baba, na sisi tufuge."

Ombi hilo ni zuri. Mtoto anayejifunza kutunza kiumbe kinachomtegemea kwa kila kitu hujifunza jambo ambalo hakuna somo la darasani linaloweza kulifikisha. Lakini ombi hilo hilo likijibiwa kwa haraka huishia na ndoo ya samaki waliokufa na mtoto anayelia. Tofauti ya nyumba hizo mbili haiko kwenye fedha. Iko kwenye subira ya mwezi mmoja na nusu, kabla samaki wa kwanza hajaingia.

Bahari iko mbali, ziwa liko hapa

Samaki yule wa kwenye simu anaishi kwenye maji ya chumvi. Kumfuga kunataka maji yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, maana yake tangi la lita 100 linahitaji kilo tatu na nusu za chumvi maalumu. Chumvi ya mezani haifai, kwa sababu maji ya bahari yana madini mengi zaidi ya chumvi ya chakula. Maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi hubaki na makali yake hupanda, hivyo lazima yapimwe na kuongezwa maji baridi karibu kila siku. Kwa familia ya Simbo, iliyo zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar es Salaam, huo ni mzigo wa kila wiki usio na sababu.

Hauna sababu kwa kuwa samaki mwenye tabia kama hizo anaishi jirani. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na ndani yake mna zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo wa sato na perege, ukoo ambao wataalamu huuita sikilidi. Karibu aina zote hizo hazipatikani ziwa lingine lolote duniani.

Miongoni mwao yumo mdogo anayeitwa kitaalamu Lamprologus ocellatus. Dume halizidi sana sentimita tano, na jike ni dogo zaidi. Nyumba yake ni kombe tupu la konokono wa ziwani. Hulifukia kombe hilo mchangani kwa kuchimba pembeni na kusukuma mchanga, mpaka unabaki mlango tu. Akiona hatari huzama ndani kwa kufumba na kufumbua. Jike hutaga ndani ya kombe na kukaa mlangoni kulinda, na hafikirii ukubwa wa adui: kidole cha mtoto kikiingia tangini hukimbiliwa na kugongwa.

Yupo ndugu yake aitwaye Lamprologus callipterus, ambaye dume hubeba makombe kwa mdomo na kuyakusanya mahali pamoja ili majike yatage humo. Dume hilo huweza kuwa na uzito zaidi ya mara kumi wa jike lake, kwa sababu yeye lazima awe mkubwa wa kubeba kombe na jike lazima awe mdogo wa kuingia ndani.

Na wapo wanaoatamia kinywani. Samaki wa kundi la Tropheus, wanaokwangua ukoga kwenye miamba ya pwani ya ziwa, hutaga mayai machache makubwa. Jike huyachukua mdomoni na kukaa nayo karibu mwezi mzima mpaka watoto wawe tayari kuogelea. Kinywa cha mama ndiyo nyumba yao.

Dunia iliwajua samaki hawa zamani. Mwingereza J.E.S. Moore alikusanya samaki ziwani humo katika safari ya miaka ya 1890, na mwaka 1898 George Boulenger wa makumbusho ya London akaandika maelezo yao, akimpa mmoja jina la Tropheus moorii kwa heshima ya Moore. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard, aliyeishi Bujumbura, aliwasafirisha wakiwa hai kwenda Ulaya na Marekani, na mwaka 1978 akatoa kitabu kizima juu yao. Leo wapo watoto wa Ujerumani wanaowalisha samaki wa Tanganyika kabla ya kwenda shule, wakati wenzao wa Kigoma hawajawahi kuwaona.

Kinachoua ni kipi?

Tuseme familia ya Simbo imekubali. Baba ametengeneza tangi kwa fundi vioo, Jumamosi limejazwa maji, Jumapili samaki kumi wameingia. Jumatano mtoto anauliza, "Baba, mbona wote wako juu wanatweta?" Ijumaa wanane wamekufa. Majirani watasema samaki wa ziwani hawafugiki. Mwingine atasema walikuwa wagonjwa.

Kwa kawaida hawakuwa wagonjwa. Wamekufa kwa sumu waliyoitoa wenyewe.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake na uchafu wake. Chakula kilichobaki kikioza huongeza amonia hiyo. Ziwani haina madhara kwa sababu maji ni mengi na kuna bakteria wanaoila. Bakteria wa kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo. Katika tangi jipya bakteria hao hawapo. Huchukua wiki nne mpaka sita kuzaliana vya kutosha kwenye mchanga, mawe na chujio.

Kwa samaki wa Tanganyika hatari hiyo ni kubwa kuliko kwa samaki wengine, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Maji ya ziwa hili yako upande wa magadi: kipimo cha pH huwa karibu na 9. Amonia hubadilika ukali kufuatana na kipimo hicho. Maji yakiwa na pH 7 na nyuzi joto 25, ni chini ya asilimia 1 tu ya amonia iliyomo ambayo ipo katika hali ya kuua. pH ikiwa 8, inafika kama asilimia 5. Ikiwa 9, inapita asilimia 30. Uchafu ule ule ambao samaki wa mtoni angeuvumilia humuua samaki wa Tanganyika kwa siku mbili.

Ndiyo maana wafugaji wazoefu husema mtu hafugi samaki, anafuga maji. Maji yakiwa mazima, samaki hujitunza mwenyewe.

Wiki sita za tangi bila samaki

Tangi la kuanzia lisiwe dogo. Maji machache huchafuka haraka na kupata joto haraka. Tangi la urefu wa sentimita 80, upana 35 na kina 40 hubeba lita 112, na hilo linatosha kwa dume moja la ocellatus na majike mawili. Hesabu yake ni rahisi na mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya: urefu mara upana mara kina, kisha kugawa kwa 1,000.

Lita 112 ni kilo 112 za maji, bado mchanga, mawe na kioo chenyewe. Meza ya kawaida ya sebuleni haifai. Inatakiwa meza ya mbao nzito au chuma, iliyokaa sawasawa, na chini ya tangi kutandikwe kipande chembamba cha sponji gumu ili kioo kisipasuke kwa kukaa juu ya kijiwe. Mahali pake ni mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko.

Suala la jiko lina uzito wake Kigoma. Nyumba inayokaanga kwa mawese kila siku hutoa mvuke wa mafuta unaotua juu ya maji na kufanya utando. Utando huo huzuia hewa kuingia majini. Tangi likiwa sebuleni lenye kifuniko, tatizo hupungua. Utando ukionekana, huondolewa kwa kulaza karatasi safi juu ya maji na kuivuta.

Ndani huwekwa mchanga laini wa kina cha sentimita tano au zaidi, uliooshwa kwa maji matupu mpaka yatoke meupe. Sabuni isiguse kitu chochote cha tangi, hata ndoo. Familia itenge ndoo moja, iandikwe "SAMAKI", na isifulie nguo wala kuoshea vyombo. Makombe ya konokono huchemshwa kwanza, na kila samaki apate makombe mawili au matatu ili wasigombee nyumba.

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa linatosha. Ndilo moyo wa tangi, kwani bakteria wengi watakaa humo. Haliogeshwi kwa maji ya bomba. Linakamuliwa taratibu kwenye ndoo yenye maji yaliyotolewa tangini, ili uchafu utoke na bakteria wabaki.

Maji ya bomba yenye klorini yaachwe kwenye ndoo wazi kwa saa 24 kabla ya kutumika. Maji ya mvua peke yake hayafai, kwani hayana madini ambayo samaki hawa wameyazoea. Maji ya kisima hutofautiana, hivyo ni vyema kuyapima. Vipimo vya matone vya pH, amonia na nitriti vinaweza kuagizwa kutoka mijini, na fedha yake ni bora itumike hapo kuliko kwenye mapambo ya plastiki. Vipande vya mawe ya chokaa na makombe yenyewe husaidia kuyafanya maji yabaki magumu.

Tangi likishajaa na pampu ikafanya kazi, hutiwa kipande kidogo cha dagaa kioze humo. Kitatoa amonia, na bakteria watapata chakula cha kuanzia. Mtoto atauliza kila siku samaki wanakuja lini. Jibu linaweza kuandikwa kwenye kalenda ukutani, na kila Jumamosi apime maji na kuandika. Mwanzoni amonia itapanda, kisha nitriti, kisha zote zitashuka. Vipimo viwili hivyo vikisoma sifuri kwa wiki nzima huku chakula kidogo kikiendelea kutiwa, tangi liko tayari. Aliye na jirani mwenye tangi zima aombe kipande cha sponji yake chenye maji, na muda wa kusubiri utapungua sana.

Siku ya kuingia

Mfuko wa samaki huelea juu ya tangi kwa dakika 20 ili joto lilingane. Kisha hutiwa kikombe kimoja cha maji ya tangi ndani ya mfuko kila baada ya dakika tano au kumi, mpaka maji ya mfuko yawe mara mbili au zaidi. Samaki hunyanyuliwa kwa kinyavu na kuwekwa tangini, na maji ya mfuko humwagwa nje. Siku hiyo hawalishwi, na taa huzimwa.

Kinyavu hicho kisikatwe kutoka kwenye chandarua cha mbu. Vyandarua vingi vina dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki hata ikiwa kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa ya kupuliza mbu isitumike chumba chenye tangi. Ikibidi kupuliza, tangi lifunikwe kwa nailoni na pampu izimwe kwa muda mfupi mpaka hewa isafike.

Samaki wakiongezwa baadaye, wageni wakae wiki mbili mpaka nne kwenye beseni au tangi la pembeni. Mgeni mmoja mwenye madoadoa meupe kama chembe za chumvi anaweza kuambukiza tangi zima.

Chakula kidogo, maji mengi

Samaki wengi wa nyumbani hawafi kwa njaa. Hufa kwa upendo wa familia. Mama amewapa asubuhi, kaka amewapa mchana, bibi amekuja kusalimia naye amewapa kidogo, na mtoto amewapa tena kabla ya kulala. Kila mmoja ametenda wema, na jumla ya wema huo ni amonia.

Nyumba ichague mlishaji mmoja. Ocellatus hula vidudu: dagaa mkavu asiye na chumvi, aliyelowekwa na kusagwa laini, pamoja na viluwiluwi wa mbu, humfaa sana. Kiasi ni kile kinachomalizika kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja ya wiki wapumzike bila kula. Kinachobaki kifyonzwe kwa mpira.

Tropheus ni habari nyingine, na anayeanza amwache kwanza. Utumbo wake ni mrefu kwa sababu chakula chake ni ukoga wa mawe. Akilishwa vyakula vya nyama kwa wingi tumbo huvimba, hutoa kinyesi cheupe kama uzi, huacha kula na kufa, na mara nyingi huondoka na wenzake. Pia ni mgomvi anayehitaji kundi kubwa na tangi la lita 300 au zaidi, ili ugomvi ugawanyike. Mmoja wao, Tropheus duboisi, hupendwa na watoto kwa kuwa akiwa mchanga ni mweusi mwenye nukta nyeupe kama nyota. Akikua nukta hupotea zote na kubaki mkanda mpana mwilini, na mtoto asiyeambiwa mapema hudhani samaki wake amebadilishwa.

Kila wiki robo ya maji hutolewa na kuwekwa mengine yaliyolala ndani ya ndoo hivyo yana joto la nyumba. Si maji yote. Kubadilisha maji yote kwa siku moja humshtua samaki. Nyuzi joto 24 mpaka 27 zinawatosha, na Kigoma kwa kawaida haihitaji kifaa cha kupashia. Tatizo huwa ni nyumba ya bati wakati wa joto kali. Maji yakipata joto sana hubeba hewa kidogo, na dalili yake ni samaki kupanda juu kutweta. Kifuniko kifunguliwe upande, feni au upepo wa dirisha upite juu ya maji. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, jagi la maji lichotwe na kumiminwa kutoka juu mara kwa mara. Kazi hiyo mtoto huipenda, na inaokoa.

Dalili na majibu yake

Samaki mzima ana rangi, hula, na hutoka kombeni kufukuza wenzake. Anayejibana pembeni, aliyekunja mapezi, aliyefifia rangi au anayejikuna kwenye mawe anasema jambo. Jibu la kwanza kwa karibu kila dalili ni lile lile: pima maji, badilisha robo, punguza chakula. Mara nyingi hali hubadilika kabla ya siku mbili.

Jambo la kuepuka ni kufungua kapsuli za dawa za binadamu na kuzimwaga tangini. Dawa za kuua bakteria huweza kuua pia wale wanaosafisha maji, na samaki aliyekuwa na ugonjwa mmoja huongezewa sumu ya amonia. Mgonjwa atengwe kwenye chombo chake ndipo matibabu yafikiriwe.

Usalama wa watoto nao ni sehemu ya ufugaji huu. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya. Umeme uzimwe kabla ya mkono kuingia majini. Ndoo za maji zilizolazwa usiku zifunikwe, hasa nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Akifa, aambiwe amekufa

Hata kwenye tangi zuri samaki hufa. Wazazi wengine hukimbia kununua mwingine wa kufanana kabla mtoto hajarudi shule. Wengine husema amelala, au amerudi ziwani. Mtoto akigundua, na mara nyingi hugundua, anapoteza samaki na pia anapoteza kuamini neno la mzazi.

Ni bora aambiwe wazi: "Mwanangu, samaki wako amekufa leo." Kisha watazame pamoja daftari la vipimo. Kama kuna sababu, ionekane bila kumtafuta wa kulaumu. Mtoto aliyesahau kubadilisha maji kwa wiki mbili atajua mwenyewe bila kukemewa, na mzazi akumbuke kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kuwa mtunzaji peke yake. Kazi ni ya mtoto, dhamana ni ya mtu mzima. Familia isiyo na mtu mzima aliye tayari kuinuka usiku umeme ukikatika, isubiri.

Anatoka wapi, na harudi wapi

Samaki wa mapambo ni biashara yenye sheria. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinataka leseni kwa anayevua na anayesafirisha, hivyo familia ianze kwa kuuliza ofisi ya uvuvi ya wilaya. Ndani ya hifadhi za Gombe na Mahale kuvua kiholela hakuruhusiwi.

Sababu ya tahadhari hiyo wakazi wa mwambao wanaijua. Mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili ziwa lipumzike, na kila nyumba iliona maana yake kwenye sahani. Samaki wa miamba ana udhaifu zaidi. Hasafiri mbali. Tropheus wa ghuba moja huwa na rangi tofauti na wa ghuba ya pili, kwa sababu mchanga ulio katikati hawauvuki. Ukimaliza wa mwamba mmoja, hakuna wengine wa rangi ile watakaokuja kujaza nafasi yao.

Kwa hiyo samaki waliozaliwa matangini ni bora kuliko waliokamatwa, na ocellatus huzaa kwa urahisi tangini. Anayefanikiwa atakuwa na watoto wa samaki wa kumpa jirani ndani ya miezi michache. Na anayechoka kufuga asiwamwage ziwani wala mtoni. Samaki aliyetoka tangini anaweza kubeba ugonjwa, au kuchanganya ukoo wa ghuba moja na mwingine. Ampe mfugaji mwenzake au shule yenye tangi.

Kwa familia ya Simbo inayoanza leo, orodha ya mwezi huu ni fupi: meza imara, tangi, mchanga uliooshwa, makombe, pampu, ndoo iliyoandikwa jina, kalenda na penseli. Samaki hawamo kwenye orodha hiyo. Mtoto atakayeuliza kwa nini, aonyeshwe maji na aambiwe kwamba humo kuna mamilioni ya viumbe wadogo wanaoandaa nyumba, na kazi yao haijakwisha.